Mikono Mitupu Alfajiri

Msasani, Tukuyu
Jumapili, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba sikio la kushoto limeacha kuuma. Juzi nilimpigia simu jirani yetu Mama Prisca nikamwomba akusalimie. Alikuita kwa sauti mpaka nikasikia kuku wakikimbia, nawe ukamjibu kwamba bei ya kahawa bado haijatangazwa. Nimeona tuendelee na barua. Hizi hazihitaji masikio.

Mimi ni mzima. Kazi ya masjala hapa ofisi ya wilaya ni ile ile: nafungua barua zinazoingia, nagonga mhuri wa tarehe, naziandika kwenye daftari, naziweka kwenye majalada, kisha zinapanda kwa wakubwa. Imebaki miezi mitano nithibitishwe kazini. Bwana Samson, mkuu wetu wa masjala, hataki barua ipotee wala ilale. Mimi napenda anavyotaka hivyo, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ninapojua kwa hakika nifanye nini. Mambo mengine ya huku bado sijayajua. Hata mvua yao si kama ya kwetu. Haiji na kuondoka, inakaa.

Nina jambo dogo la kukuambia. Tangu Jumatatu iliyopita nimeanza kutembea kila siku asubuhi. Natoka saa kumi na mbili na robo, nashika njia inayoshuka upande wa Masoko, natembea kwa haraka dakika kumi na tano, nageuka, narudi. Ni kunyoosha miguu tu, maana kazi yetu ni ya kukaa. Navaa koti langu jeusi la ofisini kwa sababu ya baridi, na kitambulisho shingoni ili mtu akiniuliza mimi ni nani nisianze kubabaika. Nina pia kidaftari cha kuandikia dakika.

Dada Marietha wa ofisini alinikuta narudi, akauliza, "Sia, unamkimbia nani?" Nikamwambia simkimbii mtu. Akasema, "Basi kuna unayemkimbilia. Mwambie akusubiri, utafika umechakaa."

Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Binti yako,
Sia


Mwika
19 Machi 2024

Sia mwanangu,

Marahaba. Sikio la kushoto limekufa kabisa, kwa hiyo haliumi. Lililobaki linasikia radi na kengele ya kanisa, na hayo yananitosha.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeandika mistari mingi kuhusu koti na mstari mmoja kuhusu miguu. Mtu wa miaka ishirini na sita hanyooshi miguu kwa saa na kidaftari. Mama yako naye aliniambia anatembea ili kunyoosha miguu. Alikuwa anakwenda mpaka ukuta wa kanisa na kurudi. Baada ya mazishi nikakuta daftari lake la kliniki chini ya godoro, limeandikwa presha kila mwezi, miaka miwili.

Sikuulizi kitu. Nakuambia tu kwamba godoro lile bado ninalo, na siku hizi huwa naangalia chini yake.

Ukipita penye nyumba za watu, salimia.

Baba yako,
Elisha


Msasani, Tukuyu
7 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa barua. Mimi ni mzima, na godoro langu liko sakafuni, hakuna chini yake.

Pasaka nilikula peke yangu. Nilipika ndizi za huku, ambazo ni tamu lakini si zetu, nikafungua redio ili kuwe na mtu anayesema chumbani. Dada Marietha alikuwa amekwenda kwao Kyela. Sikutaka kumwambia sina pa kwenda, nikamwambia nina wageni.

Umesema nisalimie. Baba, nimejaribu. Wiki ya kwanza nilikuwa nasema "shikamoo" na "habari za asubuhi" kwa kila niliyemwona. Nikajifunza na "ugonile", salamu yao ya asubuhi. Hawaitiki kama watu wanavyoitika. Wanawake wanaokwenda shambani wakiniona kwa mbali wanasogea pembeni ya njia, wanatua majembe chini, wananyamaza. Nikipita wanainamisha vichwa. Nikishafika mbele nasikia wanaanza kunong'ona Kinyakyusa. Mzee mmoja aliyekuwa na baiskeli alishuka akavua kofia, mvua ikamnyeshea kichwani. Sijui nimewakosea nini. Ofisini watu ni wa kawaida, sokoni wananipunja na kunitania kama mtu mwingine yeyote. Ni kwenye njia ile tu, asubuhi tu.

Ninapogeukia pana nyumba ya bati yenye nguzo ya bluu kwenye lango lake. Nilipachagua kwa sababu dakika ya kumi na tano inaishia hapo kamili. Nasimama, nashika nguzo, napumua, naandika dakika, narudi. Anaishi hapo bibi mmoja. Mwanzoni alikuwa anafagia. Sasa hafagii. Kila asubuhi namkuta amesimama mlangoni ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, ananitazama. Hasemi kitu, nami nashindwa kusema. Alhamisi nilikuta wanawake watano wameketi barazani pake kwenye mkeka, asubuhi ile, wamejifunika kanga, wote kimya. Wote wakaniangalia. Nilirudi nusu nakimbia, sikuandika dakika.

Nafikiria kuomba uhamisho. Najua kwa mtu ambaye hajathibitishwa ni vigumu. Nafikiria tu.

Sia


Mwika
16 Aprili 2024

Sia,

Nimejibu siku ile ile niliyopokea. Nimekwenda posta mwenyewe kwa miguu, sikumtuma mtu.

Kwanza, usiache kutembea. Pili, mtu hasimami kila siku langoni kwa watu, akaangalia nyumba, akaandika kwenye karatasi, halafu akaondoka. Mwizi ndiye anayehesabu madirisha hivyo. Au mtu wa serikali anayekuja kuchukua ardhi. Ningekuwa mimi ningekufuata na panga ujieleze. Ingia, keti, sema jina lako na jina la baba yako. Masikio yangu yamekufa lakini jina langu bado linatamkika.

Tatu, sasa nakuuliza. Ni presha?

Baba


Kwa Mkuu wa Ofisi,
Tukuyu
22 Aprili 2024

Ndaga, salamu katika Bwana.

Mimi ni Tusajigwe, mjane, wa nyumba yenye nguzo ya bluu kwenye njia ya Masoko. Sijui kuandika, anayeandika ni mwinjilisti Jotham.

Mwanangu Jacob alikwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, huu ni mwaka wa sita. Mwaka jana mwezi wa tano simu yake ilinyamaza. Sina mtoto mwingine.

Tangu mwezi wa pili unaisha, kila asubuhi anakuja kwangu binti wa ofisi yenu. Amevaa koti jeusi, ana kitambulisho kifuani. Hana jembe, hana ndoo, hana mzigo kichwani. Huku kwetu mtu wa alfajiri utamwona na kitu. Anayekuja mbio mikono mitupu ametumwa kupeleka habari ya msiba, na watu humpisha, hunyamaza, mpaka afike nyumba aliyotumwa. Huyu nyumba anayofika ni yangu. Anashika nguzo, anautazama mlango, anaandika, anageuka.

Nimemwona ni mdogo na anaogopa. Nadhani mlimpa neno zito na kinywa chake kinashindwa. Simlaumu. Lakini wiki nane sasa mimi silimi, na chakula hakipiti. Majirani wamekuja kukaa nami. Tumeketi matanga ya mtu ambaye hatujaambiwa amekufa.

Naomba mtume mtu mzima aje aseme.

Tusajigwe (alama ya dole gumba)

Maneno yote ni yake. Mimi nimeongeza nukta tu. Jotham.


Msasani, Tukuyu
26 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Leo ni sikukuu ya Muungano, ofisi imefungwa, na mimi niko chumbani na barua mbili mezani. Moja ni yako. Nyingine si yangu.

Ndiyo, ni presha. Mwezi wa pili nilianguka kwenye ngazi za ofisi, nikawaambia niliteleza. Kliniki walipima mara tatu: mia na hamsini na tano kwa mia. Daktari aliuliza nyumbani nani anayo, nikataja Mama, akaacha kuandika kidogo. Alisema kwa umri wangu tujaribu kwanza bila dawa: nipunguze chumvi, nitembee nusu saa kila siku bila kukosa, nirudi baada ya miezi mitatu. Sikukuambia kwa sababu Mama aliugua karibu nawe bila wewe kujua, nikaona nisikupe mgonjwa wa pili wa kumhofia ukiwa unajua. Sasa naona nimefanya alichofanya Mama.

Ile barua nyingine ililetwa juzi Jumatano. Niliifungua kama ninavyofungua zote, mhuri ukiwa mkononi. Imetoka kwa bibi wa nguzo ya bluu. Baba, anadhani nimetumwa kumwambia mwanawe amekufa. Wote wanadhani hivyo, njia nzima. Walikuwa wananipisha kwa heshima ya maiti. Wale wanawake watano walikuwa wamekuja kumsaidia kungoja nifungue kinywa.

Nilipaswa kugonga mhuri, niandike kwenye daftari, nimpelekee Bwana Samson. Sikugonga. Niliikunja nikaitia mkobani. Kwenye masjala hakuna kosa lililo juu ya hilo. Mtu anafukuzwa kwa hilo hata akiwa amethibitishwa, sembuse mimi. Niliogopa atauliza, "Huyo mtumishi ni nani?"

Tangu siku ile sijatembea. Naogopa kwenda, na nimekumbuka sasa hivi kwamba kutokwenda nako ni habari. Atasema, amemaliza kazi yake, amerudi kwao.

Niambie la kufanya. Lakini jibu lako litafika baada ya wiki mbili, na bibi yule hana wiki mbili.

Sia


Msasani, Tukuyu
28 Aprili 2024

Kwa Bibi Tusajigwe,
Nyumba ya nguzo ya bluu, njia ya Masoko
(Kwa mkono wa mwinjilisti Jotham, ambaye naomba asome yote bila kuruka)

YAH: KUTEMBEA KWANGU KILA ASUBUHI

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Bibi, shikamoo. Nimeandika mstari huo wa juu kwa sababu ndivyo ninavyojua kuanza barua kwa mtu nisiyemjua. Naomba uusamehe.

Mimi ndiye binti wa koti jeusi. Naitwa Sia, binti wa Elisha, wa Mwika, Kilimanjaro. Ni karani. Sijatumwa na ofisi. Sina habari yoyote ya mwanao Jacob, njema wala mbaya. Sikuwahi kulisikia jina lake kabla ya barua yako.

Nina presha ya kupanda. Mama yangu alikufa kwayo. Daktari aliniambia nitembee kwa haraka nusu saa kila siku, na lango lako liko dakika kumi na tano kutoka kwangu. Hiyo ndiyo sababu yote. Nilichokuwa naandika ni dakika. Nilikuwa nautazama mlango wako kwa sababu ulikuwa mbele ya macho yangu. Nilikuona umesimama, nikadhani unanichukia, nikaogopa kukusalimia.

Sikujua kwenu mikono mitupu ina maana hiyo. Kwetu mtu akitembea asubuhi bila mzigo tunasema ana bahati.

Barua yako niliipokea mimi na sikuifikisha kwa mkubwa wangu. Iko kwangu. Kwa hilo pia nakuomba msamaha.

Sitapita tena njia hiyo.

Wako,
Sia Elisha


Njia ya Masoko
3 Mei 2024

Sia binti Elisha,

Ndaga. Barua imesomwa mara mbili mbele ya wale waliokuwa wameketi nami. Mara ya kwanza walilia. Mara ya pili mmoja alicheka, kisha wote, mpaka mkeka ukasogea. Mimi sikucheka siku ile. Nilikasirika. Wiki nane, asubuhi zote saba, umenizikia mwanangu ukiwa unahesabu dakika. Siku ya tatu nilichukua jembe nikaenda kulima.

Sasa nakujibu.

Wanawake wamekwenda makwao na mikeka yao. Nyumba imekuwa kimya. Asubuhi saa yako ikifika najikuta nimesimama mlangoni, nimeshika fremu, natazama njia. Nimekuzoea. Hata kwa ubaya, ulikuwa mtu anayekuja.

Umesema hutapita tena. Nani alikukataza? Njia si yangu. Pita, lakini beba kitu. Jembe, kuni, ndoo, hata ikiwa tupu. Watu wakikuona na kitu mkononi watakuitikia. Na ukifika hutashika nguzo, utaingia. Dakika hizo za kukaa mwambie daktari wako azipunguze anapotaka.

Barua yangu ya kwanza mpe mkubwa wako. Nilimwandikia yeye, sikukuandikia wewe. Kama ofisi haina habari ya kifo cha Jacob, basi iulize habari ya uhai wake. Mimi nimeuliza kwa kinywa mwaka mzima. Karatasi inafika mbali kuliko mimi. Najua unaogopa. Mimi pia nilikuwa naogopa, na nilisimama mlangoni kila siku.

Tusajigwe (alama ya dole gumba)

Mimi ndiye niliyesoma, na sikuruka kitu. Hapo penye "Tafadhali husika" waliniuliza maana yake nikashindwa. Jotham.


Mwika
11 Mei 2024

Sia,

Barua yako ya Muungano imefika leo. Nakujibu nikiwa bado posta, nimeazima kalamu ya dirishani.

Peleka barua ya watu kwa mwenyewe. Wakikufukuza, kihamba chetu cha migomba na kahawa kipo, na chumba chako hakijapangishwa.

Nimefurahi umeniambia. Nimeketi kidogo kwenye benchi la hapa nje, ndipo nikaandika.

Baba


Msasani, Tukuyu
9 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilikwisha kuipeleka kabla barua yako haijafika, tarehe sita mwezi wa tano. Niliingia kwa Bwana Samson, nikaiweka mezani bila mhuri. Akaisoma yote, mpaka maneno ya Jotham. Akauliza lile swali nililolijua. Nikasema ni mimi. Akauliza ilifika lini, nikamtajia, akahesabu kwenye kalenda.

Akasema, "Siku kumi na mbili barua imelala mkobani mwako."

Nikasema ndiyo.

"Ungekuwa umeichana nisingejua."

Nikasema ndiyo.

Nimepewa onyo la maandishi, na kuthibitishwa kwangu kumesogezwa miezi sita. Onyo lenyewe lilipita mezani kwangu, nikaligonga mhuri na kuliweka kwenye jalada langu kwa mkono wangu. Kisha akaniambia nifungue jalada jipya lenye jina la mtu aliyepotea, Jacob, na niandae rasimu ya barua kwenda Chunya. Imeondoka. Majibu bado.

Jana nilirudi kliniki. Mia na arobaini kwa tisini na mbili. Daktari anasema imeshuka lakini haijashuka vya kutosha, niendelee miezi mitatu mingine, ikigoma tutaanza dawa. Nimekuandikia namba hizi kama zilivyo na nitakuandikia zote zitakazofuata.

Natembea. Nimenunua ndoo nyekundu ya lita kumi. Dada Marietha ameniuliza maji ya Msasani yana kasoro gani. Wanawake wa njiani sasa wanaitikia, wananitania kwamba nateka maji mbali kuliko mtu yeyote Rungwe. Koti bado navaa, kitambulisho naacha chumbani. Bibi ananipa uji, kisha anatia parachichi ndani ya ndoo, narudi nimeelemewa. Kiswahili chake na changu havikutani kila mahali, kwa hiyo mara nyingi tunakaa tu. Mezani huwa kuna kikombe cha tatu, kimefunikwa, na sijauliza.

Lakini nataka nikuambie jambo moja, maana tumekubaliana tusifichane. Barua ya Chunya ikija, atakayeifungua ni mimi. Ndiyo kazi yangu. Kila mfuko wa posta ukifika natafuta kwanza mhuri wa Chunya. Nilimwambia Bibi hivyo. Alifikiri, akaendelea kumenya ndizi, akasema kwamba ikiwa habari ni mbaya nisijisumbue kutafuta maneno. Niiache ndoo nyumbani, nije kama nilivyokuwa nakuja. Yeye ataelewa kabla sijafika langoni, na nitakuwa sijalazimika kusema.

Kwa hiyo sasa, Baba, njia inapokata kona, pale anapoweza kuniona kwa mara ya kwanza, najua yuko mlangoni na haangalii uso wangu. Siku nyingine ukungu ni mzito na mimi mwenyewe simwoni. Nainua ndoo juu ya kichwa kwa mikono miwili, nasimama hivyo kidogo, mpaka nisikie ufagio umeanza.

Binti yako,
Sia